Bata Tasa wa Joho

Bango lilisimikwa Jumanne. Kufikia Jumatano jioni nilikuwa nimeletewa sufuria mbili za chakula.

Ya kwanza ilikuwa ya pilau, ya pili ya maharage ya nazi. Walioleta walibisha hodi kwa sauti ya chini, ile sauti ya kwenda msibani, wakanishika mikono yote miwili, wakasema, "Tuko pamoja nawe, dada," wakaondoka bila hata kukaa. Mume wangu alikuwa ametoka zamu ya foklifti ghalani, hajui hili wala lile. Alizitazama sufuria pale mezani, kisha akanitazama mimi.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu," nikamwambia. "Ni bata."

Alivua viatu, akaenda kunawa. Mume wangu ni mtu wa Singida, hana haraka na habari.

Tunaishi Seven Hills, pembeni mwa Sydney, Australia, mwaka wa kumi na mbili sasa. Mchana nakaa mapokezi ya kliniki moja huko St Marys, nawapangia watu miadi. Pembeni mimi ni mfasiri mwenye cheti, wa Kiingereza na Kiswahili. Cheti hicho kimenipa nafasi ya kuwaelekeza Waswahili wenzangu, kwa Kiswahili sanifu, katika vipeperushi vinne vya miaka tofauti, kwamba pipa la mfuniko mwekundu ni la taka, la njano ni la vinavyorejelezwa, la kijani ni la majani. Sijakutana bado na mtu aliyesoma hata kimoja cha vipeperushi hivyo. Lakini navyo vinahifadhiwa kwa heshima, kila ofisi ya umma niingiayo navikuta kwenye rafu, havijaguswa.

Bata wenyewe walikuja majira ya kupukutika majani. Walikuwa wawili, wakubwa, rangi ya majivu yaliyopoa, na walijichagulia uwanja wa nyasi kando ya kidimbwi kule Toongabbie, mahali watu wanapotembeza mbwa. Mdomo wao ni mfupi na mweusi, na juu yake kuna ngozi ya kijani kibichi kama ndimu, utadhani kila mmoja kaingiza pua kwenye kopo la rangi. Miguu ya waridi, nyayo nyeusi, kama mtu aliyekanyaga lami mbichi. Maji hawana habari nayo. Kidimbwi kipo hatua tano, wao wanakula nyasi kama mbuzi. Na jike akitoa sauti, anaguna kama nguruwe. Ndiyo maana wazungu wa zamani, nimesoma, walimwita bata nguruwe.

Hakuna aliyejua wametokea wapi. Ni ndege wa mwitu wa visiwa vya kusini mwa nchi hii, mbali na Sydney. Wapo waliosema wametoroka kwenye banda la tajiri fulani. Wapo waliosema ni mabadiliko ya tabianchi. Wote waliwaletea mkate. Halmashauri, iliyokuwa imeshindwa kwa miaka miwili kuziba shimo mbele ya nyumba yetu, ilichukua hatua ndani ya wiki tatu: bango la kuwalinda bata, kwa lugha saba. Kiswahili kikiwamo. Kwa nini sijui. Nadhani kuna fomu mahali yenye kisanduku, na kisanduku cha Kiswahili mwaka huo kilikuwa hakijatiwa alama.

Zamani kampuni ya tafsiri ilikuwa inakutumia Kiingereza, nawe unafasiri. Siku hizi inakutumia tafsiri iliyokwisha kufanywa na mashine, nawe unaisafisha, kama vile mtu akuletee mtoto aliyegaagaa matopeni na kusema kazi imekwisha, bado kumwogesha tu. Rasimu ya bata ilikuwa na sentensi sita. Ile ya kuwataka watu wawafunge mbwa wao kamba ilisema: *Weka mbwa wako juu ya risasi.* Na jina la ndege, ambalo kwa Kiingereza ni Cape Barren Goose, lilikuwa: *Bata Bukini Tasa wa Joho.*

Nilicheka peke yangu pale mapokezi mpaka mzee mmoja aliyekuwa akisubiri kupimwa presha akaniuliza kama niko salama.

Nikaisafisha. Lead ya kamba na lead ya risasi huandikwa sawa; mbwa nikawarudishia kamba. Cape ni joho, lakini pia ni rasi. Jina nikalitafuta mpaka mzizi wake, maana hilo ndilo la raha katika kazi hii. Baharia mmoja wa Kiingereza alipita na meli karibu na kisiwa cha kusini, akaona rasi isiyoota kitu cha maana, akaiita hivyo, Rasi Kame, akaendelea na safari. Rasi ikakiachia kisiwa jina, kisiwa kikamwachia bata. Bata hana ukame wowote. Ni jina la mahali alipoonekana. Na sisi Waswahili hatuna la kuwacheka, kwa sababu bata wa jamii hii tunamwita bata bukini, na Bukini ni jina letu la kale la Madagaska. Naye tulimpachika kisiwa, na sijamsikia aliyethibitisha kwamba kweli alitoka huko. Kwa hiyo nilipoandika *Bata bukini wa Rasi Kame*, nilikuwa nimewaandikia watu kuhusu bata wa Madagaska, wa rasi isiyoota kitu, anayeishi Toongabbie. Nilituma nikiwa nimeridhika.

Kisha mtu fulani, mahali fulani, akachukua faili lisilo langu. Wakachapa rasimu.

Picha ya bango iliingia kwenye kundi la simu la kanisa letu Jumanne hiyo hiyo saa nane mchana. Kwanza walicheka kuhusu mbwa. Mmoja aliandika kwamba mbwa wake ameshafika kwenye risasi, sasa afanye nini. Vicheko vikajaa ukurasa. Halafu mtu akaandika, "Na huyo bata je?" Ghafla kundi ambalo halijawahi kunyamaza hata wakati wa mahubiri likanyamaza. Saa nzima. Niliona kwenye skrini yangu majina yakianza kuandika, yakiacha, yakianza tena.

Walikuwa wamekumbuka ni nani anayefasiri mabango.

Kanisani kwetu, kanisa la Waswahili wa kila upande, Wakenya, Wakongo, sisi Watanzania wachache na familia moja ya Burundi, wanawake wote ni Mama Fulani. Mimi ni Dada. Nina miaka arobaini na mitatu. Wasichana niliowafundisha shule ya Jumapili wameshakuwa Mama Fulani, na wao pia wananiita Dada. Tumepimwa, mimi na mume wangu, na daktari wa pili na wa tatu, na wote wametupa jibu moja kwa sauti ya upole: sababu haijulikani. Kwa daktari jibu hilo linafunga faili. Kwa kanisa linalifungua. Nimeombewa nikiwa nimesimama, nimepiga magoti, nimefunga siku tatu. Nimeshauriwa mbegu za maboga, nimeshauriwa niache kahawa, nimeshauriwa kwa siri na dada mmoja niangalie mume wangu anakaa vipi kwenye foklifti.

Aliyesimamia maombi hayo yote ni muuguzi mmoja Mkenya, mama wa watoto wanne, anayefanya kazi kwenye nyumba ya wazee pale Toongabbie na kuendesha kikundi cha akina mama kama anavyoendesha wodi. Ndiye aliyekuja Alhamisi, bila sufuria. Alikaa kwenye kochi bila kuvua koti.

"Dada yangu," akaanza, "kama uko na uchungu, si utuambie? Hatuwezi kukuhukumu. Lakini si lazima uandike kwa park."

"Mama, sikuandika mimi. Ni mashine."

"Mashine."

"Neno la Kiingereza lina maana mbili. Ardhi isiyoota, na mwanamke asiyezaa. Mashine ikachagua."

Alinitazama muda mrefu, kwa huruma ya mtu aliyewahi kuwasikia wagonjwa wengi wakisema walianguka tu bafuni.

"Sawa," akasema. "Mashine."

Jumapili mchungaji akahubiri Sara, akahubiri Hana, akamalizia na Elisabeti, tasa watatu wa Biblia waliokuja kuzaa. Ni Mkongo wa Uvira, mtu mpole, siku za kazi anapanga maboksi katika ghala lile lile la mume wangu. Alijitahidi sana asinitazame. Alitazama dari, alitazama ngoma, alitazama mlango wa dharura. Kwa jinsi alivyonikwepa, hata mgeni aliyekuja siku hiyo kwa mara ya kwanza alijua ni mimi.

Niliiandikia halmashauri. Walinijibu kwamba bango limekidhi vigezo, na kwamba kubadili maneno ya lugha ya jamii kunahitaji kwanza kushauriana na jamii. Nikauliza waliposimika walishauriana na nani. Wakanijibu kwamba wananishukuru kwa mchango wangu.

Basi kikao kikaitishwa, katika chumba cha nyuma cha maktaba. Upande wa halmashauri alikuja binti mmoja wa Kizungu, mchangamfu, na karatasi za kunata za rangi nne. Upande wa jamii walikuja muuguzi na mchungaji, kwa kuwa ndio pekee waliojibu barua pepe. Mimi nilikuwapo kama mkalimani wa kikao kilichonihusu mwenyewe.

"Tuanze kwa kuelewa tatizo," binti akasema kwa Kiingereza. "Neno lililopo sasa hivi lina maana gani hasa?"

Muuguzi akaangalia kucha zake. Mchungaji akavua miwani, akaanza kuifuta kwa tai.

Nilingoja. Hakuna aliyejitolea. Basi nikamwambia mwenyewe, kwa Kiingereza: maana yake ni mwanamke asiyeweza kuzaa.

"Asante, hilo linasaidia sana," akasema, akaliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya njano, akaibandika ukutani. Ilikaa pale saa nzima na nusu, juu ya kichwa changu.

Mjadala wa jina ukaanza. Nikapendekeza langu, nikaeleza rasi, nikaeleza Bukini.

"Hiyo bukini nilifanyia mtihani darasa la sita," muuguzi akasema. "Tangu hapo sijaisikia. Wewe uliza watoto wetu. Wataelewa goose. Tuandike tu goose."

"Lakini ni bango la Kiswahili, Mama."

"Na Kiswahili chetu kiko hivyo."

Mchungaji akarudisha miwani. "Mi naona hivi. Kwetu kule, bata ni bata. Ya mu maji, ya mu nyumba, ya pori, yote ni bata. Mukiandika bata, hakuna mutu atasema hii ni mbuzi."

Binti akataka kujua kama ndege huyu ana maana yoyote ya kimila kwetu. Nikafasiri swali. Wote wawili wakafikiri kwa uaminifu kabisa. Mwishowe mchungaji akasema kwamba alimwona mara ya kwanza mwezi uliopita, alipokuwa akitafuta mahali pa kuegesha gari. Binti akaandika: *hakuna pingamizi la kimila*. Akaongeza kwamba huyu ndege aliwahi kuitwa pia bata nguruwe, kama jina hilo lingetufaa. Muuguzi akaniambia kwa Kiswahili, huku akimtabasamia binti, nimwambie kwamba tumeshapata taabu ya kutosha na jina moja.

Tulikubaliana mwishoni: *Bata bukini wa Rasi Kame*, kwa kura mbili, yangu na ya mchungaji, dhidi ya goose moja. Binti akatushukuru, akasema bango jipya litachukua kama miezi mitatu, kwa sababu ya idhini. Lile la zamani haliwezi kung'olewa kwa sasa, kwani bata wangebaki bila ulinzi.

Wiki tatu baadaye, baridi ikiwa imeingia, simu ikalia nikiwa mapokezi. Alikuwa muuguzi. Alikuwa anatembea pale uwanjani kila atokapo zamu, kwa ajili ya magoti yake.

"Uko kazini?"

"Niko kazini, Mama."

"Basi nisikilize tu. Yule tasa wa council ametaga."

Nilikwenda jioni ile, nikashukia stesheni ya Toongabbie nikatembea. Kweli. Jike amelala kwenye tago la majani na manyoya yake mwenyewe, hatua kumi hivi kutoka bangoni, na dume anazunguka mbele yake kama askari wa benki. Nilisimama nikawatazama mpaka vidole vikafa ganzi. Sikujisikia chochote kikubwa. Nilifurahi tu kwamba yeye hawezi kusoma.

Vifaranga wanne walianguliwa mwezi wa saba, wenye mistari myeusi na myeupe. Watu wakaja kupiga picha, na wale wetu waliojua kusoma bango walihakikisha bango linaingia kwenye picha. Hilo lingeisha hapo kama vicheko vingine vyote. Lakini Jumapili mchungaji akapanda mimbarini uso unang'aa, na safari hii alinitazama mimi moja kwa moja.

"Watu waliandika tasa," akasema. "Mungu akaandika vifaranga ine."

Kanisa lote likasimama. Nami nikaelewa, nikiwa nimekaa pale na kitabu cha nyimbo mapajani, kwamba nimegeuzwa unabii. Mwezi uliotangulia nilikuwa wa kuhurumiwa. Sasa nilikuwa na tarehe ya mwisho. Baada ya ibada dada mmoja alinishika tumbo bila kuomba. Mwingine akaniuliza kama nitapenda wa kike au wa kiume. Ikapangwa kwamba Jumamosi akina mama na mchungaji watakwenda kuomba pale pale uwanjani, mahali Mungu aliposemea.

"Tusiende," mume wangu akasema.

"Nisipokwenda watasema sina imani."

"Na ukienda?"

"Watasema ninayo."

Akafikiri. "Nitakuendesha," akasema.

Tulikuwa kama watu kumi na wawili. Upepo ulikuwa unapiga. Mchungaji alivaa suti yake ya kahawia, akasimama kati ya bango na bata, akainua mikono. Akina mama wakanizunguka. Alianza taratibu, kwa Kiswahili, akapandisha kwa Kifaransa, na alipofika pahali pa kuiamuru milango ifunguke, alirudi nyuma hatua mbili bila kuangalia, akaingia katikati ya vifaranga.

Dume alitoka kwenye nyasi akiwa amenyoosha shingo na kufungua mabawa. Hakukuwa na onyo. Alimkamata mchungaji kwenye suruali, chini kidogo ya goti, akamwachia, akamkamata tena juu zaidi. Mchungaji ni mtu wa heshima, hakupiga kelele. Alisema tu "Ee Bwana" kwa sauti ya kawaida, kisha akakimbia. Kwa umri wake alikimbia vizuri. Akina mama wakatawanyika na vitenge vyao kila upande, dume akimfuata huyu, akimwacha, akimfuata yule, na mtu mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akatuelekeza bangoni kwa kidole, kwa ukali, akidhani hatujui kusoma.

Mchungaji alijifungia ndani ya gari lake. Nilikwenda kumjulia hali. Alishusha kioo kidogo.

"Amekuumiza, Mchungaji?"

"Hapana. Ni suruali tu." Alitazama kule kwenye nyasi, dume alikokuwa amerudi na kuanza kula kana kwamba hakuna lililotokea. "Hana makosa. Ni baba. Anatumika kazi yake."

Maombi yakaishia hapo. Mume wangu, aliyekuwa ameegemea uzio muda wote, alisaidia kutafuta kiatu cha mtu. Mimi na muuguzi tulijikuta kwenye benchi, yeye akipumua kwa nguvu na kukanda goti. Vifaranga walikuwa wamerudi chini ya mama yao, mmoja baada ya mwingine, mpaka zikabaki mbawa tu.

"Dada," akasema baada ya muda. "Nikuulize kitu?"

"Uliza, Mama."

"Wewe mwenyewe. Ulitaka?"

Sikumwelewa upesi. Miaka kumi na miwili mama huyu ameniombea. Anajua siku zangu, anajua majina ya vidonge nilivyokunywa. Nilimgeukia nione kama anatania, nikaona hatanii. Alikuwa anaona haya.

"Mwanzoni nilitaka," nikamwambia. "Nilitaka sana. Nilikuwa nimenunua mpaka beseni. Sasa sijui. Sijui kama bado nataka au nimezoea kuombewa."

Hakunishika mkono, hakutaja Hana. Alikaa tu akiangalia mbele, na upepo ukampeperushia mtandio usoni akauondoa.

"Mimi wa nne sikumtaka," akasema. "Sijawahi ambia mtu."

"Na sasa?"

"Sasa ndiye ananipigia simu kila siku. Wale wengine mpaka niwatafute."

Tulikaa mpaka mume wangu alipokuja kusema baridi imezidi.

Jina langu liliondoka kwenye orodha ya maombi ya kikundi cha akina mama. Hakuna tangazo lililotolewa. Jumapili moja iliposomwa orodha, kati ya goti la mzee fulani na visa ya mtoto wa mtu, mimi sikuwamo, na dada aliyekaa kando yangu aligeuka kunitazama kama mtu aliyeona jino limeng'olewa. Mchungaji alitafuta mfano mwingine wa kuhubiria. Suruali ya kahawia ilishonwa, na mshono ulionekana.

Bata waliondoka mwezi wa kumi, vifaranga walipojua kuruka. Bango jipya lilifika wiki iliyofuata. Ni zuri, herufi zake kubwa, mbwa wote wamefungwa kamba, na jina limeandikwa sawasawa, kila herufi.

Muuguzi ndiye aliyenipigia asubuhi ile walipoondoka.

"Wameenda," akasema.

"Wote?"

"Wote sita. Nimezunguka mpaka nyuma ya choo. Hakuna."

Nilisikia anatembea, kokoto zinalia chini ya viatu vyake. Kisha akaniuliza kama Alhamisi nitakwenda mazoezi ya kwaya, na kama nitaweza kumpitia.